Heri na Faida: Kuianza Kazi ya Usanifu wa Kidijitali Hapa Bagamoyo

Matini ya hotuba iliyotolewa kwa vijana na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Tumealikwa tuzungumze na vijana juu ya usanifu wa kidijitali, yaani kazi ya kubuni nembo, mabango, kadi, vifungashio, kurasa za vitabu na sura za tovuti kwa kutumia kompyuta au simu. Tunasema kama watu wanaoifanya kazi hiyo katika mwambao huu, si kama walimu wa chuo. Na kwa kuwa tumepewa nafasi ndani ya uwanja wa hekalu, tungependa kuligusa hata lile jambo ambalo watu huona haya kulitaja mahali kama hapa, nalo ni malipo.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba kazi hii ni ngeni iliyoletwa na intaneti. Pwani yetu imeishi na usanifu tangu kale. Tazameni milango ya Mji Mkongwe: fundi alipochonga ua au mnyororo kwenye fremu, alikuwa akimtambulisha mwenye nyumba kwa kila apitaye njiani. Hiyo ndiyo kazi ya nembo. Tazameni na kanga. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yanayosema na jirani bila mvaaji kufungua kinywa. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyeanza biashara yake mwaka 1887, alijulikana kote kwa kanga zenye chapa ya Mali ya Abdulla. Wafanyabiashara wa zama zake hawakuwa na viwanda vya kuchapa kanga hapa. Waliwasikiliza wanawake wa pwani, wakajua rangi ipi inapendwa na msemo upi unatafutwa, kisha wakaagiza kanga hizo kutoka ng'ambo. Duka lao lilikuwa dogo. Mtaji wao mkubwa ulikuwa sikio.

Vijana wetu, mtaji huo mnao. Mji huu una wenye nyumba za wageni, waongoza watalii, wauza samaki na chumvi, mafundi wa kuchonga, shule, na wasanii waliopitia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Wote hao wanahitaji kujulikana. Wengi hutuma kazi zao Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 70, kwa mtu ambaye hajawahi kuliona duka lao. Ninyi mnaweza kwenda kwa miguu mkaliona.

Kwa hiyo, mteja akija, msikimbilie kuchora. Ulizeni. Mwenye nyumba ya wageni akitaka bango, mwulizeni wageni wake hutoka wapi, huuliza nini wanapopiga simu, na bango lenyewe litasimama wapi. Likisimama kando ya barabara kuu, msomaji yumo ndani ya gari linalokwenda kasi. Maneno manne yanamtosha, na namba ya simu iwe kubwa. Likisimama ufukweni, jua na hewa ya chumvi vitaifubaza rangi kabla ya mwaka kuisha, basi msitegemee rangi hafifu. Majibu ya namna hii hayapatikani ndani ya programu yoyote.

Vyombo vya kuanzia si ghali kama watu wanavyodhani. Simu nzuri na programu ya Canva vinatosha kwa matangazo ya mitandaoni. Kwa nembo, tafuteni kompyuta, hata iliyokwisha kutumika, mjifunze Inkscape, na kwa picha mjifunze GIMP. Zote mbili hutolewa bure na ni halali. Nembo ichorwe kwa mistari inayoweza kukuzwa bila kuchakaa, ili ile inayokaa kwenye kadi ikae pia ubavuni mwa basi. Picha mtakazozichapa msizipokee kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa maana hupunguzwa ubora zinapotumwa. Acheni walau milimita 3 za ziada pembezoni mwa ukurasa kwa ajili ya kisu cha mchapaji. Tena kumbukeni kwamba rangi za kioo ni mwanga na rangi za karatasi ni wino. Buluu inayong'aa kwenye simu hupoa ikichapwa. Ombeni nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia tano.

Liko na suala la lugha, ambalo kwetu ni uwanja wa heshima. Kadi ya harusi katika jumuiya yetu huweza kubeba Kigujarati, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Herufi za Kigujarati zina kanuni zake: iko alama ya vokali inayoandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake, na programu isiyozijua huzivuruga. Kabla ya kuchapa, msomeeni mama au mzee anayeijua lugha. Na picha za kidini zina mahali pake. Sura ya Bwana Ganesh juu ya kadi ya mwaliko ni heri. Sura hiyo hiyo kwenye mfuko wa sambusa utakaotupwa jalalani ni karaha kwetu, kama ambavyo jirani yetu Mwislamu angeumia kuiona aya ya Kurani chini ya miguu ya watu. Msanifu aliyelelewa mtaani hapa anayajua hayo bila kuambiwa, na ujuzi huo una thamani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kijana akishajulikana kwamba anaiweza kompyuta, kila shughuli humwangukia yeye: kadi ya binti wa shangazi, bango la mashindano ya mpira, tangazo la msiba, kipeperushi cha duka la mjomba, na ratiba ya Navratri. Huambiwa ni kazi ya dakika tano tu. Humaliza saa sita za usiku, akashukuriwa kwa maneno mazuri, na kesho yake hana hata fedha ya kununua bando. Kijana huyo hatagombana na mtu, kwa sababu amelelewa vema. Ataacha tu, kimya kimya, apande basi kwenda kutafuta mahali ambapo kazi yake ina bei. Ndivyo miji midogo ya pwani inavyopoteza watoto wake, halafu sisi wazee na jamaa tukabaki tukijiuliza wamekwenda wapi.

Tunajua jibu tutakalopewa: kazi ya hekalu ni seva. Ni kweli, na sisi tunaiamini seva. Utumishi usiotazamia malipo ni nguzo ya imani yetu. Lakini seva hutolewa na mwenye kuitoa. Haidaiwi na mwenye kuipokea. Kinachochukuliwa kwa kijana kwa sababu anaona haya kukataa si sadaka. Na kipeperushi cha duka la mjomba si seva kwa namna yoyote ile, maana mjomba anauza.

Imani yetu wenyewe imekwisha kutufundisha namna ya kuyapatanisha mambo haya. Kila Diwali wafanyabiashara wetu huleta madaftari mapya ya hesabu yaombewe baraka mbele ya Lakshmi, Ganesh na Saraswati. Siku hizi wengine huiweka kompyuta pale palipokuwa daftari. Huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh, heri na faida, na huandikwa pamoja. Hatuoni aibu kuyaweka yote mawili mbele ya Mungu, kwa sababu faida iliyo safi ni sehemu ya heri. Waswahili nao wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, shauri letu la kwanza ni daftari. Andikeni kila kazi, ya fedha na ya seva. Mkitoa kazi kwa hekalu, kwa msikiti au kwa msiba wa jirani, andikeni ankara yenye bei kamili, kisha chini yake muandike kwamba imetolewa kama seva na deni ni sifuri. Hapo mpokeaji atajua alichopewa, na mtoaji atajua alichotoa. Wekeni na kiasi: kazi moja ya seva kwa mwezi, au mbili, kwa kadiri ya uwezo wenu. Ikizidi hapo, semeni kwa adabu kwamba zamu ya mwezi huu imekwisha.

Shauri la pili ni kuijua bei. Tufanye hesabu ya mfano. Kompyuta ya shilingi 900,000 itakayodumu miaka 3 inakula shilingi 25,000 kila mwezi. Tuseme intaneti ni 30,000, umeme 15,000, nauli 30,000, na mahitaji yako mwenyewe 300,000. Jumla ni shilingi 400,000. Katika siku 20 za kazi, nusu huishia kwenye kutafuta wateja, kujifunza na kurekebisha. Siku zinazolipwa ni 10. Kila siku ya kazi basi ina gharama ya shilingi 40,000, na nembo ya siku tatu isipofika 120,000 mmejilipia hasara. Tarakimu zenu zitakuwa nyingine, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo. Mteja akisema ni ghali, mpunguzieni kazi, msimpunguzie bei: badala ya nembo na kadi na bango, aanze na nembo.

Shauri la tatu ni makubaliano ya maandishi, hata kwa ndugu. Ukurasa mmoja unatosha: kazi ni ipi, itakamilika lini, marekebisho ni mara ngapi, nusu ya malipo itangulie, na faili za mwisho zitolewe malipo yakikamilika. Andikeni pia nani atakuwa na haki juu ya mchoro. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, na kwa sababu hiyo hiyo msichukue picha ya mtu mitandaoni mkaiuza kama yenu. Mteja anayetaka kuilinda nembo yake kama alama ya biashara aelekezwe BRELA.

Walio na ajira hatuwashauri waiache kesho. Mwalimu, karani au muuza duka anaweza kuanza na jioni mbili za wiki na Jumamosi moja. Daftari ndilo litakalosema lini wakati umefika: kama kwa miezi sita mfululizo kazi ya pembeni imefunika gharama zake na sehemu kubwa ya mahitaji ya nyumbani, hapo kaeni na familia mshauriane. Biashara ikianza kusimama, sajilini jina BRELA, chukueni namba ya mlipakodi TRA, na ulizeni halmashauri kuhusu leseni. Ulizeni pia juu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake hutengwa kwa ajili ya vikundi vya vijana. Vijana wa hekalu na vijana wa mtaa wakiunda kikundi kimoja, itakuwa kheri zaidi.

Wengine wameuliza kama kuna haja ya kuanza sasa, ilhali akili mnemba inachora bango kwa nukta chache. Inachora, na mtaitumia. Lakini haijui kwamba mteja huyu amefiwa na mumewe juzi na nembo ya duka lazima ibaki na jina la marehemu. Haijui msemo upi utawachekesha watu wa Dunda na upi utawaudhi. Haiwezi kubisha hodi na kuomba radhi herufi ikikosewa. Mchoro umekuwa rahisi. Kumfahamu mtu bado ni kazi.

Tunamaliza kwa ombi kwa wazee na Kamati. Katika bajeti ya sherehe, mpishi ana fungu lake, mwenye mahema ana lake, na mpiga picha ana lake. Tunaomba msanifu naye aandikiwe fungu, hata likiwa dogo. Yeye mwenyewe akitaka kulirudisha kama seva, atalirudisha kwa mkono wake na kwa furaha. Na mzee mwenye duka akiona kazi ya kijana imempendeza, amlipe, kisha amtaje kwa mwenzake. Sifa njema katika mji huu husafiri haraka kuliko tangazo lolote.

Mama Saraswati awape vijana wetu jicho la kuona na mkono mtulivu. Madaftari yao yafunguliwe kwa heri, na yafungwe kwa faida.