Hadithi na Michoro Katika Mafunzo ya Wahudumu wa Afya

Hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu pamoja na wakufunzi wao



Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya vitendo katika wodi za Kapkatet, Longisa au Tenwek hufundishwa kupima shinikizo la damu, kutoa dawa na kujaza faili. Siku mgonjwa wake wa kwanza anapofariki, faili hufungwa na zamu huendelea. Jioni anarudi bwenini na jambo ambalo faili haina nafasi yake. Akilinyamazia mara nyingi, moyo hufa ganzi, na mgonjwa anayefuata ndiye anayekaripiwa.

Ndiyo sababu hadithi na michoro vinastahili nafasi katika mafunzo.

Chukua mfano wa mama mchuma chai anayefika kujifungua akiwa amechelewa. Swali la kwanza wodini huwa, "Mbona umekawia?" Wanafunzi wakipewa karatasi na kalamu wachore njia aliyopita, mmoja atachora mteremko wenye utelezi wa mvua, mwingine bodaboda aliyekataa kutoka usiku, mwingine watoto waliobaki nyumbani peke yao. Hakuna aliyekatazwa kuhukumu, lakini swali limekuwa jingine: "Umefikaje, mama?"

Kazi hii haihitaji bajeti kubwa. Wanafunzi sita hadi wanane, mkufunzi mmoja, saa moja kwa wiki. Kila mmoja asimulie tukio moja au aonyeshe mchoro wake. Wengine wasikilize bila kumkatiza, kumsahihisha wala kumpa alama. Jina la mgonjwa, kijiji chake na chochote kinachoweza kumtambulisha visitajwe. Siri yake inalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Anayeonekana kulemewa aelekezwe kwa mshauri nasaha, maana kikao hiki si matibabu.

Jambo hili si geni nchini. Dkt. Margaret Ogola, mwandishi wa The River and the Source iliyochapishwa 1994, alikuwa daktari wa watoto. Dkt. Yusuf Dawood, daktari wa upasuaji, aliwasimulia wasomaji wa Sunday Nation visa vya hospitalini kwa miaka mingi. Nao Wakipsigis wamewafunza watoto utu kwa hadithi za nyanya jioni, kando ya moto.

Wakufunzi wanaombwa waiweke saa hiyo kwenye ratiba, si baada ya ratiba. Ikiachwa iwe ya hiari baada ya zamu, anayeihitaji zaidi ndiye atakayekuwa amechoka kuja.