Mwanachama na Rafiki katika Hesabu ya Kompyuta

Kaeni karibu na redio. Kila mmoja ashike kalamu na daftari lake. Leo twajifunza alama ya kujumlisha: +.

Mfikirie mkulima wa mlimani, juu ya mji wa Moshi. Amepeleka kahawa mzanini mara mbili: kwanza kilo 12 na gramu 700, kisha kilo 9 na gramu 600. Gramu zikijumlishwa ni 1,300. Lakini gramu 1,000 ni kilo 1. Basi jumla ni kilo 22 na gramu 300. Karani akiisahau kilo ile moja, mkulima amepunjwa jasho lake.

Kompyuta yajua kujumlisha namba tupu, kama 2 + 3. Uzito wa kilo na gramu haiujui mpaka ifundishwe. Katika lugha ya C++, iliyotungwa na Bjarne Stroustrup na kupewa jina hilo mwaka 1983, mwandishi wa programu aweza kuipa alama + kazi hii mpya. Kazi yake ya zamani haipotei.

Ziko njia mbili. Fikiri chama cha ushirika, kama KNCU kilichoanzishwa Moshi mwaka 1933. Chama kina wanachama, tena kina vitabu visivyofunguliwa ovyo mbele ya wageni. Nasi tuseme tuna chama cha Uzito.

Njia ya kwanza ni ya mwanachama. Andika: uzito + uzito. Aliye kushoto ni wa chama. Yeye ndiye aitwaye, humpokea wa kulia, hutoa jumla.

Njia ya pili ni ya rafiki. Andika: 2 × uzito, yaani magunia mawili yaliyo sawa. Kushoto pana namba tupu. Hiyo si mwanachama, haiwezi kuitwa. Basi chama huandika katika kanuni zake: "Fulani ni rafiki yetu. Aone kilo na gramu zetu, atufanyie hesabu."

Angalieni: urafiki hutolewa na chama, mgeni hajitwalii. Marafiki wawe wachache, maana kila mmoja aona yaliyo ndani. Wala alama + isipewe kazi ya kutoa. Kompyuta itakubali, lakini msomaji atadanganyika, na mkulima atapata hasara.

Zoezi: jumlisha kilo 8 na gramu 450, na kilo 6 na gramu 850. Ukipata kilo 15 na gramu 300, umefaulu. Je, hapa yatosha kumwita mwanachama, au yatakiwa rafiki? Jadilianeni darasani. Kwaherini.