Aparei ikikataa, usiilazimishe

Maneno ya fotografe wetu wa zamani mu mkutano wa wanamemba, Kolwezi



Mulinialika niseme juu ya aparei za foto za zamani, zile za pelikile. Wengine walicheka: "Papa, siku hizi kila mtoto iko na foto mu telefone." Ni kweli. Lakini mu masanduku yetu muko aparei zilizotoka Kolwezi pamoja na sisi mu 1993, wakati watu wa asili ya Kasai tulifukuzwa. Zililala na sisi ku stasio ya treni, zikafika Mwene-Ditu, zikarudi. Zingine zingali na pelikile ndani. Ile njo maneno yangu ya leo.

Nianze na kosa yangu mwenyewe. Kule Mwene-Ditu, levye ya aparei yangu ilikwama. Nilishikwa na kasirani, nikafungua mlango ya nyuma, mchana, nione ni nini inakwamisha. Mimi fotografe! Pelikile iliungua na mwangaza mara moja. Ndani mulikuwa foto ya mama yangu, amesimama mbele ya nyumba yetu ya hapa Kolwezi. Alikufa mwaka uliofuata. Sina ingine.

Sasa, kunako wiki chache, mama mmoja wa muungano wetu aliniletea Pentax K1000 ya bwana yake marehemu. Ni aparei ya nguvu, ilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997. Inapiga foto bila pile. Pile ni ya kupima mwangaza tu. Kwa hiyo ikikwama, usikimbilie kununua pile. Levye ilikataa kusogea, butoni ilikataa kushuka, na ukichungulia ku dirisha yake, giza tupu. Mjukuu wake alikuwa tayari na koleo mkononi. Nilimwambia: "Ngoja, mwanangu. Tuiulize kwanza."

Njo vile tunaulizaka aparei:

Kwanza, kuko pelikile ndani? Inua manivele ndogo ya juu, upande wa kushoto, uizungushe polepole kufuata mshale. Ikikaza, pelikile iko. Usifungue nyuma hata kidogo.

Pili, tazama namba. Kama ni 36, pelikile imeisha tu, hakuna kilichoharibika. Ile ya mama ilisimama ku 22.

Tatu, giza ku dirisha maana yake kioo cha ndani kimebaki juu. Mu aparei hii, kioo kinashukaka tu kisha rido ya pili kumaliza njia yake. Basi rido ilikwama katikati, na pengine iko wazi. Ukitoa objektifu mchana, unaunguza pelikile vilevile. Funika objektifu na kifuniko yake, uache hivyo.

Tulingoja usiku. Tulifunga dirisha na bulangeti, tukazima taa. Nilifinya butoni ndogo ya chini, nikazungusha manivele polepole mpaka mkono ulisikia imekuwa nyepesi. Pelikile ilikuwa imerudi mu kopo yake. Pale tu njo nilifungua.

Kisha nilitoa kifuniko ya chini. Ndani, vumbi nyekundu ya kwetu, ile tunaoijua sana ku barabara ya magari ya madini, ilishikamana na mafuta iliyokauka. Nilifunga pamba kidogo ku kijiti cha kiberiti, nikaiweka alkoli, nikasafisha. Sikugusa rido na kidole, wala sikutia mafuta ya mashini ya kushona: mafuta inatembea, inafika ku rido, na vumbi inarudi nyingi kuliko mbele. Mara tukasikia "tak!" Rido ilifunga, kioo kikashuka. Mama alipiga makofi.

Pelikile ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na ile inavumiliaka miaka kuliko ya rangi. Niliiosha mwenyewe. Mu foto 22, sita tu zilitoka, nazo ziko na ukungu. Mu moja, bwana yake anabeba mtoto wao wa kwanza mbele ya mlango, na anacheka. Ule mtoto leo ni baba wa watu. Aliniambia hakuwahi kuona baba yake akicheka, kwa sababu alimjua tu kisha safari.

Ba ndugu, nyumba nyingi hatukuzirudishiwa, na wengine wetu walibaki njiani. Aparei haiwezi kurudisha ile. Lakini kile kilicho ndani yake, tusikiunguze sisi wenyewe kwa haraka. Okoa pelikile kwanza, mashini itafuata.

Kila siku ya posho, kisha mkutano, nitakuwa hapa. Leteni aparei vile ziko: msifungue, msivute. Na ninyi wafadhili, hatuombi aparei mpya. Tunaomba dawa ya kuoshea pelikile ya nyeusi na nyeupe, na vijana wawili ninaoweza kufundisha mbele macho yangu yachoke.