Makaa Hayajiwashi

Ukipita vichochoro vya Kawangware jioni utawaona akina mama wameweka jiko nje ya mlango, wanapepea. Mwanzoni ni moshi mtupu, na macho yanatoka machozi. Lakini makaa yakiisha kushika, kaa moja huwasha jingine mpaka ugali uive.

Makaa hayo yalikuwa guniani wiki nzima, na hewa yenye oksijeni imeyazunguka. Mbona hayakuwaka? Kijana wetu wa sekondari alitueleza alipokuwa akisomea mtihani wa kemia. Mwaka 1889 Svante Arrhenius, mtaalamu wa Uswidi, alionyesha kwamba vitu havibadiliki kwa kukutana tu. Sharti kwanza chembe zake zipate nishati ya kutosha, mfano wa mtu anayepanda kilima ili ateremkie ng'ambo. Hata moto utakaotoa joto jingi hudai joto kidogo kwanza.

Tulinyamaza, kwa maana tulikuwa na neno na mzee mmoja wa Kangemi. Tulimkaripia mbele ya watu katika mkutano wa kanisa, wala hakurudi tena. Miezi minne tulimwombea. (Kumwombea mtu kitandani ni rahisi, msidanganyike.) Kila tulipotoka mjini kwa basi la Waiyaki Way, tulifika kituo chake tukatazama upande wa pili. Kumpenda tulimpenda. Kushuka basi ndiko kulikotushinda.

Katika Luka 15 sisi wahubiri hukimbilia karamu na ndama. Lakini kilima cha yule mwana kilikuwa pale pale penye nguruwe, kuinuka na kupiga hatua ya kwanza. Safari iliyobaki hata haikumalizika kwa miguu yake peke yake, maana baba alitoka mbio kumlaki.

Kijana alituambia pia habari za kichocheo, kitu ambacho kikiwapo kilima hupungua, nacho chenyewe hakiliwi na kazi hiyo. Kwetu kichocheo alikuwa mama watoto. Siku ya Alhamisi alichukua kitambaa chake cha kichwa akasema, "Twendeni, nitawasindikiza."

Tulishuka Kangemi. Mlangoni hotuba yote tuliyoitayarisha ilipotea. Tulisema tu, "Mzee, tulikukosea."

Hakujibu upesi. Alitutazama, akaingia ndani, akarudi na viti viwili.