KUTOA NAKALA YA PICHA ZA VIDEO BILA YA KUPOTEZA UBORA WAKE: MFANO WA TARAFA YA SALE



Mazungumzo haya yanahusu hatua ya mwisho ya kazi ya picha za video, pale ambapo mhariri amekwisha kukata, kuunga na kupanga, na sasa anaiamuru kompyuta itoe filamu iliyokamilika. Hatua hiyo aghalabu hufanywa jioni, wakati watu wamechoka na ofisi inataka kufungwa. Mhariri hubonyeza kitufe, huchagua kiwango chochote kinachojitokeza mbele yake, akaenda zake. Asubuhi yake filamu huonekana imefifia, nyuso zimekuwa kama zimepakwa nta, na lawama zote huelekezwa kwa mpiga picha, ambaye pengine hana kosa lolote.

Visiwa hivi vina uzoefu mrefu wa televisheni. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mafundi wa zama za kanda walilijua vyema tatizo la nakala: kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyengine hupungua, na nakala ya nakala hupungua zaidi. Leo mambo yamegeuka kidogo, na mgeuko huo ndio unaowachanganya wengi. Faili la video likinakiliwa kutoka diski moja kwenda nyengine halipotezi hata chembe. Lakini faili hilo hilo likifunguliwa katika programu ya uhariri na kutolewa upya, picha hubanwa tena, na kila inapobanwa kuna kinachotupwa. Kunakili na kutoa ni mambo mawili mbali mbali, ingawa katika ofisi nyingi yote mawili huitwa "kukopi".

Ili hasara hiyo ifahamike, yapasa kwanza kujua ukubwa wa kinachobanwa. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, yenye fremu 25 kwa sekunde, ikiachwa bila ya kubanwa huhitaji takriban megabaiti 100 kwa kila sekunde. Kiwango kinachotumika sana kwa filamu za kuwekwa katika mtandao ni megabiti 8 kwa sekunde, yaani megabaiti 1. Kwa maneno mengine, kompyuta inatakiwa ibakishe sehemu moja katika mia, na mtazamaji asijue. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu fremu nyingi hufanana na zilizotangulia: ukuta uliokuwapo sekunde iliyopita bado upo, kwa hivyo hakuna haja ya kuuandika upya, huandikwa tu kile kilichobadilika. Hivyo basi, mtu aliyekaa kitini akisoma hotuba hubanwa kwa urahisi mkubwa. Taabu huanza pale ambapo kila kitu katika picha kinabadilika kwa pamoja, au pale ambapo kilicho muhimu ni tofauti ndogo mno ya mwanga na kivuli.

Kwa sababu hiyo umechukuliwa mfano wa Tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Tarafa hiyo iko mbali na bahari, lakini ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mambo yanayoitesa video yamekusanyika kiasi hicho. Anayeweza kuitoa picha ya Sale ikabaki salama hatoshindwa na mawimbi ya Forodhani wala makuti ya mnazi katika upepo wa kusi.

Mfano wa kwanza ni Engaresero, kando ya Ziwa Natron, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Hapo pana nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizogandishwa katika tope la majivu ya volkano. Wataalamu walitangaza mwaka 2016 kuwa nyayo hizo zilikanyagwa katika kipindi cha kati ya miaka 19,000 na 5,700 hivi iliyopita. Mwaka 2020 uchunguzi mwengine ulieleza kwamba msafara mmoja wa watu 17 ulikuwa, kwa dalili za ukubwa wa nyayo na mwendo, na wanawake 14, wanaume wazima 2 na kijana mmoja wa kiume. Elimu hiyo yote imetokana na vishimo vya kina kidogo katika ardhi ya rangi moja ya kijivu. Kinachomwezesha mtazamaji kuuona unyayo katika filamu ni kivuli chembamba cha ukingo wake, kinachopatikana asubuhi na jioni jua likiwa limelala. Sasa, programu ya kubana inapotafuta cha kutupa, huanza na vitu kama hivyo, kwani imetengenezwa ikizingatia kwamba jicho la mtu halijali sana tofauti ndogo ndani ya eneo lenye rangi moja. Kidole cha mguu kilichodumu maelfu ya miaka huweza kufutwa na mhariri kwa kuchagua megabiti 2 badala ya 12. Ardhi ile iko wazi kwa jua, mvua na upepo, na picha zilizopigwa mwaka huu huenda zikahitajika kupimwa na mtu baada ya miaka 50. Atakachopima ni kile kilichobakishwa.

Mfano wa pili ni maji. Wabatemi, ambao majirani huwaita Wasonjo, wamelima kwa mifereji tangu zama za kale katika vijiji kama Digodigo na Samunge, na ugawaji wa zamu za maji umekuwa mikononi mwa baraza la wazee waitwao wenamiji. Maji yanayokimbia ndani ya mfereji chini ya kivuli cha majani ni adui mkubwa wa mbano, kwa sababu hakuna fremu inayofanana na iliyoitangulia. Kiwango cha biti kikiwa kidogo, maji hugeuka miraba miraba kama sakafu ya vigae, na uso wa mzee anayeeleza zamu za mfereji nao huharibika kwa kuwa biti zilizokuwa zake zimemezwa na maji yaliyo nyuma yake. Mhariri hana budi kuruhusu kiwango cha biti kinachopanda na kushuka kwa mujibu wa mahitaji, na kuiagiza programu ipitie filamu mara mbili: mara ya kwanza kupima sehemu ngumu ziko wapi, mara ya pili kugawa. Kazi huchukua muda zaidi, lakini kila sehemu hupata stahiki yake. Wenamiji wenyewe wasingepata taabu kuufahamu utaratibu huo.

Kadhalika, mbingu juu ya Ziwa Natron na uwanda wake wa magadi huleta tatizo jengine. Rangi inayobadilika polepole kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwengine huvunjika na kuwa mistari mipana kama ngazi, kwa sababu faili la biti 8 lina daraja 256 tu kwa kila rangi. Faili la biti 10 lina daraja 1,024. Kazi ya kurekebisha rangi ifanywe katika biti 10 hadi mwisho, na biti 8 ziachwe kwa nakala ya kutazamwa tu.

Mfano wa mwisho ni wa mwaka 2011, pale maelfu ya watu kutoka Tanzania nzima na nchi jirani walipomiminika Samunge kupata kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki dunia mwaka 2021. Misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na vumbi lake lilikuwa la kiasi hicho hicho. Picha za wakati ule zilipigwa kwa kamera za kila namna na kwa simu. Kanda za kidijitali za zama zile zina nukta 720 kwa 576 na picha yake imegawika katika mistari ya kupishana, mara 50 kwa sekunde. Zikitolewa bila ya kuangaliwa, watu wanaotembea huonekana wana meno ya msumeno ubavuni. Programu iambiwe wazi kwamba picha ni ya mistari ya kupishana, na kwamba ni mstari upi unaotangulia, kisha ndipo mistari iunganishwe kwa ajili ya skrini za leo. Aidha, picha ya umbo la nne kwa tatu isivutwe ijaze skrini pana. Anayefanya hivyo huwanenepesha watu bila ya ridhaa yao.

Picha za simu nazo zina kasoro yake: idadi ya fremu haitulii, mara 30, mara 27. Mradi wa uhariri wa hapa nchini uwe wa fremu 25, na picha za simu zigeuzwe na kutulizwa kabla ya kuanza kukata, la sivyo midomo na maneno vitaachana njia.

Baada ya maelezo hayo, utaratibu wenyewe ni kama ufuatao. Uhariri ukikamilika, kwanza itolewe nakala mama, katika kodeki ya uzalishaji kama ProRes 422 HQ au DNxHR, kwa ukubwa ule ule na fremu zile zile za mradi. Nakala hiyo ni nzito: dakika 10 za ProRes 422 HQ huchukua takriban gigabaiti 14. Uzito huo umewafanya wengi kuikwepa, na hilo ndilo kosa linalogharimu kuliko mengine yote. Kutokana na nakala mama, na si kutokana na nakala nyengine yoyote, zitolewe za matumizi: ya H.264 kwa megabiti 8 hadi 12 kwa ajili ya mtandao, na ya kituo cha televisheni kwa masharti ya kituo chenyewe. Filamu ikitakiwa tena baada ya mwaka, hurejewa nakala mama. Anayepakua filamu ya ofisi yake mwenyewe kutoka katika mtandao ili aikate tena amekwisha kukiri kwamba nakala mama haipo.

Rangi zikionekana zimepauka baada ya kutoa, mara nyingi picha haikuharibika. Televisheni huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235, na kompyuta huhesabu kutoka 0 hadi 255. Programu mbili zisipoelewana juu ya hesabu hiyo, weusi hugeuka kijivu. Marekebisho yafanywe katika mpangilio wa kutolea; kuongeza giza kwa mkono ni kuharibu kilicho kizima.

Katika kupeleka filamu, ieleweke kuwa WhatsApp hubana upya video inayotumwa kama video. Ikitumwa kama hati, hufika kama ilivyo. Flashi zilizopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 hazipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na jambo hilo hugunduliwa siku ya sherehe, mgeni rasmi akiwa amekwisha kaa. Flashi ipangwe kwa exFAT mapema.

Filamu itazamwe yote hadi mwisho, katika televisheni na katika simu, kabla ya kutoka mlangoni. Nakala mama iwekwe katika diski mbili, na moja ya diski hizo ikae katika jengo jengine. Ndani ya kila diski pawe na karatasi ya maelezo, imeandikwa kwa Kiswahili, inayotaja tarehe na mahali picha zilipopigwa, lugha iliyozungumzwa, na aliyetafsiri maneno ya wazee. Tafsiri hiyo iwekwe katika faili lake peke yake pembeni mwa nakala mama, ili ikionekana ina kosa, isahihishwe bila ya kuigusa picha.