Saburi kwa Mlinda Lango

Wasikilizaji wa Kasese na Bwera, nanyi mlioko Kahendero ukingoni mwa Ziwa George: kila uanzapo msimu wa michezo ya vyuo, na timu ikateleza katika mechi za awali, mashabiki humhukumu golikipa kabla ya kumtazama beki aliyemwacha peke yake, ilhali yeye, ambaye kosa lake moja huwa bao, ndiye ahitajiye saburi kuliko wote. Kipa Denis Onyango, nguzo ya Uganda iliporejea Kombe la Afrika mwaka 2017, mara ya kwanza tangu 1978, alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa 2016 miongoni mwa wachezao barani akiwa tayari na umri wa miaka 31; ubora wa kipa huiva kwa muda. Nawasihi, basi, msidai kipa aondolewe kabla duru ya kwanza haijatimia.