Mbwa Mwoga Siku ya Chanjo



Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tunaona mengi. Mbwa anaburutwa kwa kamba, anatetemeka, mwisho anamng'ata mwenyewe. Basi wengine wetu humnywesha pombe, au humpa vidonge vya usingizi vya bibi. Jamani, hapana! Dawa ya mbwa hupimwa kwa uzito wake. Na paka je? Panadoli moja tu yaweza kumwua.

Tumwulize bwana mifugo mapema. Ipo dawa inayolegeza mwili tu, woga ukabaki. Mbwa huyo aweza kung'ata ghafla. Ipo nyingine inayopunguza woga wenyewe, naye huipata nyumbani kabla ya safari.

Wengi hawahitaji dawa. Tumfunge mdomo kwa kitambaa kwa muda mfupi, na amshike mtu mzima aliyemzoea, siyo mtoto.